Mganga Hajigangi

Wahenga walisema mganga hajigangi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mtu awashauriye wengine ilhali yake mwenyewe yamemshinda. Lakini ikisikilizwa vyema, haina kejeli ndani yake. Yasema jambo la kweli juu ya kazi ya tiba, kwamba mkono unaofunga jeraha la mwenziwe haufiki mgongoni mwa mwenye mkono. Swali ambalo methali haikulijibu ni hili: ikiwa mganga hajigangi, nani basi amgange?

Swali hili lina uzito wake katika bonde la Kilombero. Ifakara ni mji wa mpunga, na pia ni mji wa waganga kwa maana pana ya neno hilo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imewahudumia watu wa bonde zima kwa miongo mingi. Maabara waliyoianzisha Waswisi katika miaka ya 1950 imekua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Hapo hapo matabibu na wauguzi hufunzwa kazi. Michenga ni kata ya mji huu. Masika yaingiapo, maji hutanda bondeni, watu wa mpunga huhamia mashambani na kulala katika madungu ili walinde mazao yao, mbu huongezeka, na wodi za watoto hujaa.

Na tumfikirie muuguzi mmoja akaaye Michenga, asiye na jina kwa sababu wako wengi. Usiku wake wa zamu ameletewa mtoto mwenye degedege, akapona. Ameletewa na mwingine, aliyechelewa njiani, huyo hakupona. Amemshika bega mama wa marehemu, ameandika jina daftarini, amenawa mikono, kisha amekiendea kitanda cha pili kwa uso uleule. Uso huo uleule ni kazi nzito kuliko kubeba machela, na haumo katika orodha ya majukumu yake wala katika hesabu ya mshahara. Jioni, akiwa nyumbani, yavuma ngoma ya harusi kwa jirani. Je, ni haki aingie uwanjani? Miguu iliyosimama usiku kucha kando ya mauti, yaweza kucheza leo bila ya kumvunjia heshima mtoto yule?

Kabla ya kujibu, inafaa kulitazama neno lenyewe. Kiswahili hakikutenga ngoma inayopigwa na ngoma inayochezwa. Chombo ni ngoma, mchezo ni ngoma, na mkusanyiko wa watu pia ni ngoma. John Janzen, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti wake katika miji kadhaa, Dar es Salaam ukiwa mmojawapo, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba neno hili, katika lugha nyingi za Kibantu, ni jina la tiba pia. Watu wa visiwani hawakuhitaji kitabu ili walijue hilo. Kibuki na ngoma nyingine za pepo ziliwaleta wagonjwa katikati ya duara tangu zamani, na aghalabu aliyeugua akaganguliwa ndiye aliyekuja kuwa fundi wa kuwaganga wengine. Si lazima mtu aamini pepo ndipo auone ukweli uliomo humo. Katika ngoma, mganga ni mtu aliyewahi kulala mahali pa mgonjwa, na hakuna aliyetazamiwa aponye bila ya yeye mwenyewe kuponywa.

Hospitali ya kisasa, pamoja na rehema zake zote, iliugawa uwanja huo. Upande mmoja wamekaa wanaouguza, upande wa pili wanaouguzwa, na mpaka kati yao ni sare nyeupe. Mpaka huo una faida, kwani mgonjwa hataki daktari anayelia. Lakini unamtenga mtu, na utengo wenyewe ni ugonjwa. Huko Mahenge, milimani ng'ambo ya bonde, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mnamo miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa na jamaa zao kwa hofu ya kuambukiza. Dawa zilipunguza vifafa. Lakini dawa haiwezi kumrudisha mtu kwenye sinia la chakula alikoondolewa, hilo hufanywa na watu. Yawezekana muuguzi aliyechoka asitengwe na yeyote, watu wakamsalimia na kumheshimu, hata hivyo akawa nje ya duara, kwa kuwa hapana mahali anaporuhusiwa kuwa mmoja tu miongoni mwa wengi.

Hapo ndipo ngoma inapomfaa. Sangula, ngoma ijulikanayo sana kwa Wapogoro na jirani zao, haimwulizi mtu cheo chake. Mguu ukikosea, mguu wa jirani unausahihisha. Pumzi hufuata mdundo, na sauti moja ikiita, nyingi huitika. Kwa yule ambaye usiku kucha aliitwa yeye tu, kuitikiwa ni pumziko kubwa. Wala jambo hili si la Afrika pekee. Mnamo 1942, Marian Chace alianza kutumia densi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipitia machapisho zaidi ya 900 juu ya sanaa na afya, densi ikiwamo, ikaona kwamba sanaa zina nafasi yake katika kinga na tiba. Ajabu ni kwamba nchini Tanzania watu wa afya wameitumia ngoma kwa miaka mingi. Vikundi vya ngoma na maigizo vimebeba ujumbe wa Ukimwi, wa chanjo na wa vyandarua hadi vijijini. Ngoma ilikodiwa kama gari ili ipeleke maneno kwa wengine, wala haikufikiriwa kwamba wanaopeleka nao wana nafsi.

Basi je, ni haki kucheza? Anayekataa hudhani kwamba huzuni ni deni alipwalo marehemu, na kila afurahiye amelikimbia deni hilo. Lakini marehemu hapungukiwi na pumziko la aliyemuuguza. Anayepungukiwa ni mtoto wa kesho, akipokewa na mikono iliyokufa ganzi. Jamii nyingi za bara huzipiga ngoma hata msibani, kwa kujua kwamba mwili nao una njia yake ya kulia. Adabu haikatazi ngoma. Inaipangia wakati na mahali: isipigwe mlangoni mwa wodi, wala matanga ya mwenziwe hayajaondoka. Na asiyecheza, kwa imani yake au kwa haya yake, asilazimishwe. Kuna aliyeipata raha hiyo hiyo katika safu ya maulidi ya homu, bega kwa bega na wenziwe, na hataki kuiita ngoma. Aachwe na lake.

Liko pingamizi la pili, zito zaidi, na halitoki kwa wacha Mungu. Linatoka kwa wauguzi wenyewe. Wao huuliza: tutachezeshwa badala ya kulipwa? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea upya uchovu wa kazi katika orodha yake ya magonjwa, na likachagua maneno kwa uangalifu. Halikuuita maradhi ya mtu. Liliuita hali itokanayo na shinikizo la muda mrefu kazini lisilodhibitiwa. Tofauti hiyo ni ya kimaadili. Kama chanzo ni kazi, basi mkuu ayejua kwamba muuguzi mmoja anaangalia wodi ya wauguzi watatu, kisha akaleta ngoma Ijumaa alasiri, hakutibu. Amefunika kidonda kwa kitambaa kizuri. Wahenga walionya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, na aliye karibu kupasuka hasaidiwi kwa kupigwa zaidi, hata akipigwa kwa mahadhi matamu.

Pamoja na hayo, haifuati kwamba ngoma ingoje hadi haki itimie. Anayedai haki kwa nafsi iliyovunjika huchoka kabla ya kuipata. Watu waliozoea kuitana na kuitikiana uwanjani ndio wanaoweza pia kusema kwa sauti moja ofisini. Ila ngoma iwe yao. Waichague wenyewe, waipige kwa saa yao, wakubwa wakija waje kucheza, wasije kukagua.

Methali nyingine husema mcheza kwao hutunzwa. Wapenzi wa taarabu wanaijua maana ya kwanza ya neno hilo, kwani anayefanya vizuri hupewa fedha mbele ya watu. Lakini kutunza ni kulinda pia, kama atunzavyo mtu mche au mgonjwa. Muuguzi wa Michenga anastahili maana zote mbili. Mwajiri asimkatie ya kwanza kwa kisingizio cha ya pili, na jirani asimnyime ya pili kwa kudhani mshahara umeshamaliza kila kitu. Mganga hajigangi, na hilo si aibu yake. Ni wajibu wa wale aliowaganga. Basi jioni ile, akisimama ukingoni mwa uwanja na viatu vyake vya kazi, asiulizwe alikotoka. Asogezewe nafasi.