Skrubu Iliyokwaruzwa

Somo: Ezekieli 37:1–10



Daktari mmoja wa meno, mwana wa milima hii anayefanya kazi Dar es Salaam, alinionyesha skrubu ndogo ya titaniamu, ile inayopandwa ndani ya taya ili ibebe jino la bandia. Haing'ai. Rangi yake ni ya majivu, na nilipoipitisha kwenye leso ilinasa nyuzi. Kiwandani huipiga mchanga kwa nguvu ya hewa, kisha huichovya kwenye asidi mpaka uso wake wote ujae vishimo ambavyo jicho halivioni, vya kina cha sehemu moja au mbili za elfu ya milimita. Wanaichakaza makusudi.

Habari hii ilianzia kwa Msweden, Per-Ingvar Brånemark. Mwaka 1952 aliweka kifaa cha titaniamu kwenye mfupa wa sungura ili atazame mwendo wa damu. Alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimpandia meno mgonjwa aitwaye Gösta Larsson, na meno hayo alikuwa nayo hadi alipofariki mwaka 2006. Skrubu za siku hizo zilikerezwa tu, hazikukwaruzwa zaidi. Zilishika, ila kwa kusubiriwa sana: miezi mitatu taya la chini, sita la juu.

Nilimuuliza daktari mikwaruzo inasaidia nini. Akasema kinachoigusa skrubu kwanza ni damu. Damu huganda, nyuzi zake zikajishikiza kwenye vile vishimo, na juu ya nyuzi hizo chembe zinazojenga mfupa hutambaa mpaka zifike kwenye titaniamu yenyewe na kuanza kazi papo hapo. Uso ukiwa laini, damu iliyoganda inaposinyaa nyuzi huachia, na mfupa hauna budi kuanzia ukutani mwa tundu na kuja polepole.

Mkulima wa hapa milimani, wa Soni au Mlalo, ameshaelewa. Shamba la mteremko lisilo na matuta ya ngazi, masika hulishusha lote bondeni. Lililokatwa ngazi hubaki na udongo wake na karoti zake. (Wazee wa Mlalo watanikumbusha matuta ya lazima ya wakati wa mkoloni na jinsi yalivyochukiwa. Ni kweli, na ilikuwa haki kuchukia.)

Sasa tazameni bonde la mifupa mikavu la Ezekieli. Wahubiri tunapenda kukimbilia pumzi. Lakini kabla ya pumzi kuna kelele, mifupa inatafutana, kisha mishipa, nyama, ngozi, na bado ni maiti. Nabii anaambiwa atabiri mara ya pili. Kushikamana kulikuwa kazi ya peke yake, tena yenye hatua.

Sisi Jumapili tunakuja tumekerezwa vizuri, kama skrubu laini. Habari za nyumbani? Nzuri, tunamshukuru Mungu. Kumbe kabichi zimeuzwa kwa hasara, na kijana ameondoka bila kuaga. Kwenye jumuiya nimeona mjane akishikwa na mjane mwenzake kabla sijafungua Biblia, kwa sababu mmoja alithubutu kusema usiku hapati usingizi.

Hapa niweke breki. Msinielewe kwamba Mungu humpiga mtu mchanga ili ashike. Mama aliyefiwa na mtoto asiambiwe hivyo, na mchungaji mwenye maneno hayo ni afadhali anyamaze. Tena mikwaruzo ina kiasi chake. Uso uliokwaruzwa kupita kiasi, ukijitokeza nje ya fizi, huwa makao ya bakteria, na uvimbe wanaouleta huula mfupa ule ule ulioshika. Wapo wanaopeleka kidonda chao kila kikao na kumkwaruza kila anayewakaribia. Hao tusiwasifu kwa uwazi wao, tuwatafutie tiba.

Jambo lililonigusa zaidi ni la mwisho. Kwa skrubu iliyokwaruzwa, kungoja kumepungua mara nyingi hadi wiki sita au nane, ila hata hapo isitikiswe. Ikicheza zaidi ya sehemu kama 150 za elfu ya milimita wakati mfupa unajengwa, mwili huizungushia nyama laini badala ya mfupa. Kwa nje yote yanaonekana sawa. Siku ya kutafuna ndipo jino linapolegea.

Nasi mgeni akihamia mtaani kwetu, Jumapili ya tatu tumempa uhazini, ya tano anaongoza harambee ya bati, ya kumi haonekani, na tunasema alikuwa hana imani. Alhamisi wazee wa kanisa wanakaa kujaza nafasi za kamati ya ujenzi. Yule fundi aliyehamia mwezi uliopita na familia yake, naomba jina lake lisiandikwe. Aalikwe chakula kwanza, nyumba kwa nyumba, na asiulizwe ahadi.