Kinachouzika na Kisichouzika katika Mswada wa Filamu

Swali la kama mtu aweza kuuza neno lake, nalo likabaki kuwa lake, ni la kale katika falsafa ya mali, lakini hujitokeza kwa ukali wa pekee pale mwandishi chipukizi anapouza kwa mara ya kwanza mswada wa filamu, yaani maandishi yenye matukio na mazungumzo ambayo mwongozaji na waigizaji huyafuata. Katika desturi ya Hollywood, mswada ulioandikwa bila kuagizwa na mtu ni mali ya mwandishi tangu unapoandikwa, na kampuni inayoutaka mara nyingi hutanguliza kiasi kidogo cha fedha ili usiuzwe kwingine kwa muda uliopatanwa, malipo yanayokaribiana sana na arbuni ijulikanayo katika fiqhi, kisha ikiridhika hulipa bei kamili na kuhamishiwa hakimiliki. Wanazuoni wengi wa kale waliikataa arbuni kwa hoja kwamba mnunuzi akighairi, muuzaji hubaki na fedha ambazo hakuzitolea kitu, ilhali wa madhehebu ya Hanbali waliiruhusu. Na kuhusu utunzi wenyewe, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilitamka kwamba haki ya mtunzi ni mali inayolindwa na sharia na kwamba mwenye nayo ana mamlaka juu yake. Uhalali wa kuuza, basi, si tatizo kubwa. Lililo zito ni kujua ni kitu gani hasa kinachoondoka mikononi mwa mwandishi anapotia saini, na ni kipi kinachobaki kwake hata kama mkataba unasema hakuna kilichobaki.

Nadharia ya John Locke, iliyoiweka mali juu ya jasho la mtu, haisaidii sana hapa, kwa sababu inaeleza jinsi mtu anavyopata haki juu ya kitu bila kueleza kama haki hiyo ina sehemu isiyotengana naye. G. W. F. Hegel, katika kitabu chake cha falsafa ya haki cha mwaka 1821, alikwenda mbali zaidi aliposema kwamba mtu aweza kumpa mwingine kazi moja moja za ustadi wake, pamoja na matumizi ya uwezo wake kwa muda wenye mpaka, lakini akimpa muda wake wote na kazi zake zote atakuwa ameitoa nafsi yake mwenyewe, jambo ambalo nafsi huru haiwezi kulifanya kihalali. Kabla yake, mwaka 1785, Immanuel Kant alikuwa ameandika makala kuhusu ubaya wa kuchapa vitabu bila idhini, akadai kwamba kitabu si bidhaa tu, bali ni usemi ambao mtunzi anauelekeza kwa umma, na mchapishaji ni mjumbe anayeupeleka usemi huo kwa jina la mtunzi. Lililo muhimu zaidi katika makala hiyo, na ambalo wasomaji wengi hulipita, ni kwamba Kant hakuona kosa kwa anayekifupisha au kukigeuza kitabu mradi asikitoe tena kwa jina la yule aliyekitunga kwanza, kwa kuwa hapo usemi ni mwingine na mwenye kuujibia ni mwingine.

Fikra hiyo inaufaa mswada wa filamu kuliko inavyoifaa riwaya. Mswada ni kama ramani ya nyumba, maana haukuandikwa ili ukae kama ulivyo. Unakusudiwa kugeuzwa kuwa picha, sauti na nyuso za watu, na mwandishi anayeuuza akitazamia kwamba hakuna neno litakaloguswa hajaelewa aina ya kitu alichokitunga. Waandishi wengine wataletwa kuupitia, mwongozaji ataondoa tukio, mwigizaji ataleta mkazo usiokuwamo kwenye karatasi. Haya yote mwandishi ameyauza, na ameyauza kwa haki. Asichoweza kukiuza ni kule kuwajibika kwa kauli, yaani hali ya kuwa yeye ndiye aliyesema na ndiye anayestahili kuulizwa kwa nini alisema, kwa sababu jambo hilo ni ukweli uliokwisha kutokea, na ukweli hauhamishwi kwa hati.

Sheria ya Marekani, hata hivyo, hujaribu kuuhamisha. Mwandishi anapoajiriwa au kuagizwa kuandika, na hata anapopewa kazi ya kuurekebisha mswada aliokwisha kuuza, kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya kuajiriwa, na kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976 mtunzi anayetambuliwa ni mwajiri, si yule aliyeshika kalamu. Hapa kuna kosa la kifikra, si la kibiashara tu: kampuni yaweza kumiliki maneno, lakini haikuyawaza, na sheria inapoiita mtunzi inasema jambo ambalo kila aliyehusika anajua si kweli.

Mgongano wa fikra hizi mbili ulionekana wazi katika kesi ya filamu The Asphalt Jungle, iliyotolewa na MGM mwaka 1950, ikaongozwa na John Huston kwa mswada aliouandika pamoja na Ben Maddow kutokana na riwaya ya W. R. Burnett. Filamu hiyo ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Kampuni ya Ted Turner ilipopata haki za filamu za MGM iliitia rangi, na baada ya kifo cha Huston mwaka 1987, kituo cha televisheni cha La Cinq nchini Ufaransa kilitaka kuionyesha ikiwa na rangi hizo. Warithi wa Huston, pamoja na Maddow, walikwenda mahakamani. Kwa sheria ya Marekani hawakuwa na hoja, kwani mtunzi alikuwa studio. Lakini sheria ya Ufaransa ya mwaka 1957 ilimhesabu mwandishi wa mswada kuwa mmoja wa watunzi wa filamu, na ilimpa haki za kimaadili, yaani haki ya kutajwa kuwa mtunzi na haki ya kuzuia kazi yake isiharibiwe, ambazo haziuziki wala hazikomi. Mahakama ya rufaa ya Paris iliipa Turner ushindi, lakini tarehe 28 Mei 1991 mahakama ya juu ya nchi hiyo, Cour de cassation, iliitengua hukumu ile na kuamua kwamba anayekuwa mtunzi kwa sababu ya kutunga analindwa na haki hizo ndani ya Ufaransa, popote filamu ilipotengenezwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, tena kwa sababu ambayo Kant angeikubali: rangi zile hazikuonyeshwa kama kazi mpya ya Turner, bali filamu iliendelea kupelekwa kwa umma kama usemi wa Huston na Maddow. Msingi huohuo umo katika kifungu cha 6 bis cha Mkataba wa Berne, kilichoongezwa Roma mwaka 1928, ambacho kinasema haki hizi hubaki kwa mtunzi hata baada ya kuuza haki za kiuchumi. Kenya na Tanzania zimejiunga na mkataba huo, na Marekani yenyewe ilijiunga mwaka 1989, ingawa kwa waandishi wa filamu haikubadili jambo kubwa.

Upande wa pili wa hoja hii unathibitishwa na mwandishi wa miswada Dalton Trumbo, aliyefungiwa milango na studio baada ya kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1947. Trumbo aliendelea kuuza miswada kwa siri. Roman Holiday ya mwaka 1953 ilitoka kwa jina la Ian McLellan Hunter, na The Brave One ya mwaka 1956 ikapewa Oscar kwa jina la bandia la Robert Rich. Fedha zilimfikia, na wauzaji na wanunuzi wote waliridhika, hivyo kama mauzo yangekuwa ndiyo mwisho wa jambo, kusingekuwa na dhuluma ya kurekebisha. Hata hivyo Chama cha Waandishi cha Marekani kilirudisha jina lake kwenye Roman Holiday mwaka 2011, miaka 35 baada ya kifo chake, pasipo mtu yeyote kudai kwamba bei haikulipwa.

Chama hichohicho ndicho kinachoamua, pale waandishi kadhaa wanapogombea, ni jina la nani litaandikwa kwenye filamu, na mkataba wake na studio unamruhusu mwandishi aliyeona kazi yake imegeuzwa kuwa kauli asiyoweza kuisimamia aweke jina la kubuni badala ya lake. Ruhusa hiyo ina mpaka: ni haki ya yule ambaye malipo yake hayakuvuka kiwango kilichowekwa, na aliyelipwa zaidi ya hapo hawezi kudai hivyo bila ridhaa ya kampuni. Kwa hiyo mwandishi wa mara ya kwanza, ambaye kwa kawaida huuza kwa bei ya chini, bado anaweza kukataa kusemewa, wakati mwenzake aliyelipwa zaidi huenda analazimika kuitikia maneno ambayo hakuyasema. Na mkataba unaoweka bei juu ya uwezo wa mtu kusema "hili si neno langu" umeingia mahali ambapo Hegel alisema biashara haina ruhusa ya kuingia.