Wanangu, Msingoje Kukuche

Wajukuu zangu, njooni mkae. Nina neno, na nataka mlisikie sasa mkiwa na akili iliyotulia, kwa sababu siku mtakapolihitaji hamtakuwa na nafasi ya kuuliza.

Siku moja, pengine usiku, baba yenu au mama yenu atasema jambo msilielewe. Mdomo utakuwa umekwenda upande. Mkono mmoja haunyanyuki. Anachotaka kusema mtakiona machoni, lakini mdomoni hakitoki. Wanangu, hicho mkihesabu kuwa ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine. Msiitishe kikao. Msingoje kukuche. Kikao kirefu huacha ulimi mfupi.

Mshipa wa kichwani ukiziba hausubiri wajomba wafike. Kila dakika chembe za ubongo karibu milioni 2 zinakufa. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na dawa inayomfaa huyu inaweza kumuua yule. Ndiyo maana nawasihi msimpe aspirini nyumbani. Tazameni saa dalili zilipoanza, mkamwambie daktari. Najua si kila hospitali ina mashine hiyo wala dawa hiyo. Basi wahini zaidi, mpate muda wa kufika penye nayo.

Na msimlishe kitu. Misuli inayotamka ndiyo inayomeza. Uji, chai, hata kombe, vinaweza kuteremkia kwenye mapafu. Mwombeeni dua ndani ya bajaji mkiwa njiani. Dua haizuii gari kuwaka.

Nayasema niliyoyaona. Jirani yangu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa kanzu, mtu wa maneno mengi na vicheko. Alipimwa presha, akaambiwa iko juu, akapewa vidonge. Akavimeza mpaka kichwa kilipoacha kumuuma, kisha akavitia kwenye kopo la vifungo. "Nimepona," alisema. Mwanangu, kidonge kilichomo koponi hakimtibu mwenye kopo.

Alfajiri moja akaamka ulimi mzito, mkono wa kulia umelegea. Nyumbani wakasema ni upepo. Wengine wakasema ni husuda, kwa sababu ya oda za Idi. Akafukizwa ubani, akasuguliwa mafuta, akafikishwa hospitali siku ya tatu.

Alipona kifo, hakupona usemi. Akitaka mkasi, husema "chumvi". Anajua kabisa si chumvi anayoitaka. Anatikisa kichwa, anavuta pumzi, anajaribu upya, na inatoka chumvi ileile. Lakini watu wakisoma Fatiha, yeye huisoma nao mwanzo hadi mwisho. Wapo waliosema anajifanya. Hajifanyi! Yaliyokaririwa tangu utotoni, sala, salamu, kuhesabu, nyimbo, mara nyingi hubaki hata pale neno la kuomba maji linapokosekana.

Wadeni wake aliwajua yeye peke yake. Hati ya kiwanja aliiweka yeye. Watoto wakagombana mbele yake, na yeye amekaa kitandani anajua jibu, machozi yanamtoka, anasema chumvi, chumvi.

Jambo hili si la kwetu peke yetu, wala si la majini. Mwaka 1861 daktari wa Kifaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa aliyekaa hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, kwa zaidi ya miaka 20 akitamka silabi moja tu, "tan", ilhali akiambiwa maneno mengi aliyaelewa. Alipokufa, ubongo wake ukakutwa umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kwa watu wengi usemi hukaa upande huo wa kushoto, na upande huohuo ndio unaouongoza mkono wa kulia. Fundi wetu alipoteza maneno na mkasi kwa pamoja.

Wako na wengine ambao maneno wanayo yote, ila midomo na ulimi havina nguvu ya kuyatoa, sauti inatoka nzito kama ya mlevi. Hao watu huwacheka barabarani. Nawaomba, msiwe miongoni mwa wanaocheka.

Mnaniambia, "Babu, hayo ni ya wazee." Si ya wazee peke yao. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi. Kijana wa miaka thelathini mwenye presha asiyoijua anaweza. Presha haiumi, inavunja. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kila mara unapopimwa, hiyo imekwisha kuwa yako, na vidonge si vya wiki mbili. Usiviache kwa kuwa unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na mchuzi, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Usemi hauondolewi na kiharusi peke yake. Nawe unayepanda bodaboda kichwa wazi kwa sababu safari ni fupi, mwanangu, lami haiulizi unakwenda wapi. Kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Ifunge mkanda. Ukiivaa bila mkanda ni pambo tu.

Na mabinti zangu mnaolea: mtoto akishikwa na degedege, mkimbizeni hospitali papo hapo. Watafiti wa Kilifi waliwafuatilia watoto waliougua malaria kali, ile iletayo degedege, wakakuta baadhi yao wamebaki na matatizo ya usemi miaka kadhaa baadaye. Mtoto alinusurika, shuleni akaitwa bubu.

Ikiwa kiharusi kimekwisha kutokea nyumbani kwenu, sikieni pia. Usemi unaweza kurudi, zaidi katika miezi ya mwanzo, na hata baada ya miaka kidogokidogo huongezeka. Wataalamu wa tiba ya usemi kwetu ni wachache mno, lakini watafuteni. Wakati huo, zimeni televisheni, kaeni mbele ya mzee mkitazamana. Muulizeni jambo moja moja, la kujibiwa ndiyo au hapana. Msimpigie kelele, si kiziwi. Msimmalizie neno kabla hajajaribu. Na msizungumzie mashamba yake na mazishi yake kana kwamba hayupo chumbani. Anasikia. Mengi anayaelewa. Huo ndio ukatili unaoniuma kuliko mwingine wote, na nimeuona kwenye nyumba za watu wema.

Wanangu, kazi ninayowapa ni ndogo. Wiki hii nendeni kituo cha afya kilicho karibu mkapimwe presha, na mumshike mkono baba yenu mwende naye, hata akikataa mara ya kwanza.