Mungu Hatupi Vipande

Neno: Yohana 6:5-13

Jumapili tulisoma habari ya mikate 5 na samaki 2. Hadithi hii tunaijua tangu utotoni, lakini wengi wetu huishia pale watu walipokula wakashiba. Bwana hakuishia hapo. Aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki ili kitu kisipotee, na vikajaa vikapu 12. Sasa jiulize: mwenye uwezo wa kuzidisha mikate ana haja gani na makombo? Yule anayetenda muujiza ndiye huyo huyo asiyetupa vipande.

Neno hili nalisema hasa kwa akina mama na dada zetu wanaoshona kwilti nyumbani hapa Nkoroi. Wanaokota mabaki ya vitenge kwa mafundi na nguo za mitumba zilizoraruka. Wanafua, wanapiga pasi, wanakata, wanaunganisha kipande kwa kipande. Halafu pamba inawekwa katikati, kitambaa kinakuja chini, na tabaka zote tatu zinashonwa pamoja. Ni kazi ya siku nyingi.

Na changamoto si kidogo. Stima inapotea mshono ukiwa katikati. Mtoto anaamka. Meza ya kukatia ndiyo meza ya chakula, kwa hivyo jioni kila kitu kinaondolewa. Mteja anakuambia blanketi za dukani ni rahisi. Mwingine anachukua mzigo, analipa nusu, halafu hashiki simu. Dada, usiku unaangalia cherehani ukijiuliza kama Mungu anaona. Anaona. Shika mambo matatu.

1. Anza na kile uko nacho

Filipo alipiga hesabu akasema hata dinari 200 hazitatosha. Hesabu yake haikuwa mbaya, lakini alianza na kile ambacho hawakuwa nacho. Andrea naye alikuwa na shaka, lakini alimtaja kijana mwenye mikate. Yesu alianzia hapo. Usingoje mpaka upate chumba cha kazi na mashine mpya. Stima ikipotea, panga rangi, kata vipande, shona kwa mkono. Ile saa moja mtoto amelala ni mkate mmoja. Mpe Bwana.

2. Kipande cha huzuni pia kina nafasi

Mwaka 1942, kijijini Gee's Bend, Alabama, Marekani, mama mmoja mkulima, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, zilizochakaa shambani, akazishona kwilti ya kujifunika ili amkumbuke. Rangi zimefifia, na madoa bado yako. Leo kwilti hiyo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la taifa huko Washington.

Labda na wewe uko na sanduku la nguo ambalo hujafungua tangu mazishi. Sisemi ulifungue leo. Warumi 8:28 haituambii kwamba kila jambo ni zuri. Inatuambia Mungu anafanya kazi ndani ya mambo yote kwa faida ya wanaompenda. Kufiwa si kuzuri, na kuachwa si kuzuri. Lakini hata kipande hicho hakimshindi Fundi wetu.

3. Imani haifuti hesabu

Katika Luka 14:28 Yesu anazungumzia mtu anayekaa chini kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Basi tuhesabu. Tuseme vitambaa ni shilingi 900, pamba 700, uzi na tokeni za stima 200. Jumla ni 1,800. Ukiuza 2,500 baada ya siku 6 za kazi, umebaki na 700. Hiyo haifiki hata 120 kwa siku! Dada, kuweka bei ya haki si tamaa. Omba malipo ya kwanza yatakayonunua vifaa, na uandike kila deni kwenye daftari.

Na sasa naongea na sisi wengine. Mara nyingi anayeomba "bei ya kanisa" ni mpendwa mwenzake, na anayekaa na deni miezi mitatu anakutana na huyo mama kila Jumapili akimwambia, "Mungu akubariki." Hiyo ni baraka, wapendwa, lakini si M-Pesa. Walawi 19:13 inakataza ujira wa mfanyakazi kulala kwako mpaka asubuhi. Sembuse miezi mitatu!

Katika Matendo 9:39, wajane walimwonyesha Petro nguo alizoshona Dorkasi, huku wakilia. Walikuwa wakionyesha kazi ya mtu aliyekufa. Tusingoje Dorkasi wetu walale ndipo tusifu mikono yao. Tuwasifu wakiwa hai, na tuwalipe wakiwa hai.

Kwa wiki hii

Kama uko na deni la fundi au mshonaji, lilipe kabla ya Jumapili. Kama huwezi kulimaliza, mpigie simu mkubaliane tarehe. Kila ushirika wa nyumbani umtafute mama mmoja anayefanya kazi nyumbani, na mmoja wenu amshikie mtoto saa mbili. Nawe mshonaji, andika gharama ya kwilti moja, kuanzia kitambaa mpaka nauli.

Tuombe: Baba, tunakuletea vipande vyetu, vya rangi nzuri na vya madoa. Bariki mikono inayofanya kazi nyumbani. Tufundishe haki sisi tunaonunua. Kisipotee hata kimoja. Katika jina la Yesu, Amina.