Nani Alimwaga Unga?

Usiku kabla ya kumfuta kazi mwenzangu, nilikesha nikimsoma Ben Horowitz. Nilikuwa na miaka 27, kiongozi wa timu ya watu sita kwenye kampuni changa hapa Nairobi. Jioni hiyo nilikuwa nimeambiwa kwamba pesa za mwekezaji hazitakuja, wawili kati ya sita waende nyumbani, na wa kuwaambia ni mimi.

Kama humjui, Horowitz ni Mmarekani aliyeanzisha Loudcloud na wenzake mwaka 1999, akaiingiza kwenye soko la hisa 2001 huku kampuni za intaneti zikianguka kushoto kulia. Mwaka 2002 aliuza sehemu kubwa ya biashara kwa EDS, akabaki na programu na jina jipya, Opsware. HP waliinunua 2007 kwa takriban dola bilioni 1.6. Siku hizi ni mwekezaji, na kitabu chake cha 2014, The Hard Thing About Hard Things, kimepita mikononi mwa karibu kila mse ninayemjua mwenye ndoto ya kampuni. Mimi nakipenda, niseme tu ukweli. Kinaeleza namna ya kufuta watu kazi, kitu ambacho vitabu vingi vya uongozi hukipita mbio.

Anasema usichelewe. Kubali kwamba kampuni ndiyo iliyoshindwa, si wao. Kila meneja awaambie watu wake mwenyewe. Kisha usijifiche: kaa hapo waonekane wanakuona, wasaidie kubeba vitu hadi kwenye gari.

Nilifuata yote. Jamaa alinisikiliza, akanyamaza, halafu akasema, "Asante, boss. Angalau umeniambia mwenyewe." Nikambebea boksi lake hadi steji, maana gari hana.

Ile asante haijanitoka.

Kuna mahali Horowitz anasimulia siku ya kutangaza mkataba wa EDS. Alikuwa amepanga kwenda New York, lakini Bill Campbell, mshauri wake, akamwambia abaki nyumbani, kila mfanyakazi ajue siku hiyohiyo kama yuko ndani au nje. Alibaki. Funzo analotoa ni kwamba ukiwatendea vibaya wanaoondoka, wanaobaki hawatakuamini tena. Nilikuwa nimepigia mstari hapo. Niliposoma tena baadaye, nilishtuka. Kumbe heshima ninayompa anayetoka inahesabiwa kwa faida ya anayebaki? Immanuel Kant alisisitiza kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Sasa boksi nililobeba, nilimbebea nani? Wale wanne waliokuwa wakituangalia dirishani, nadhani, na mimi mwenyewe, nipate usingizi.

Utasema, ulitaka afutwe kwa ujumbe wa simu? Hapana. Rafiki yangu alijua hana kazi siku barua pepe ya ofisi ilipokataa kufunguka, na aibu ile bado anayo. Namna ina uzito. Lakini namna nzuri ina hatari yake: inamfanya aliyeumizwa ashukuru, na akishashukuru, hakuna anayeuliza tena kwa nini mishahara ya wakubwa haikuguswa. Yetu haikuguswa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa anayepunguzwa notisi ya mwezi na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Yeye alikuwa ametimiza mmoja. Siku 15, basi.

Hata lugha inatusaidia kukwepa. Mtu akifutwa tunasema amemwaga unga, kana kwamba ni yeye aliyeukanyaga mfuko. Hapo Horowitz anatushinda: anamtaka kiongozi atamke kwamba aliyemwaga ni yeye. Shida ni kwamba kutamka ni bure. Anayelala njaa ni mwingine.

Mwezi uliopita jamaa alinipigia, anataka barua ya mapendekezo. Nikaandika kwamba tulimwondoa kwa sababu kampuni ilishindwa, si yeye. Nikaisoma mara mbili. Juu ya karatasi kulikuwa na nembo ya kampuni, na wiki hiyo tulikuwa tunatafuta mwekezaji mpya. Nikaifuta ile sentensi, nikaandika kwamba ni kijana mchapakazi na mwaminifu. Amenitumia ujumbe wa kunishukuru.