Umma wa Nyuki na Moto wa Majani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfunulia nyuki na kuiita sura ya 16 ya Kitabu chake kwa jina lake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyekataza kuuawa nyuki na sisimizi. Ama baad:

Karagwe si nchi ngeni kwa watu wa pwani, kwani katika karne ya 19 wafanya biashara wao walikuwa na kituo huko Kafuro, wakinunua pembe za ndovu. Katika nchi hiyo, upande wa Nyakakika, viko vilima vya majani, na karibu yake mashamba ya migomba, maharage na mibuni. Mbuni uitwao robusta hauzai kwa chavua yake wenyewe, bali wataka ya mbuni mwingine, ichukuliwe na upepo au wadudu. Maua yake yakiisha kunyauka baada ya siku chache, wadudu hao hutafuta riziki katika maua ya nyikani.

Basi wenye elimu ya viumbe huwahesabu. Mtu hupima mstari katika majani, akaufuata polepole jua likiwaka na upepo umetulia, akaandika kila mdudu atuaye juu ya ua, kisha hurudi majira mengine. Akiuliza mwenye kuuliza: Kuhesabu nzi na nyuki kuna faida gani? Jawabu: Hata mwembe ulio uani kwake hupata kuzaa kwa nzi wale awafukuzao, na asiyejua idadi ya amana hatajua ilipopungua.

Wako pia watегao mabakuli ya rangi yenye maji, wadudu wakafa humo. Mwenye kumcha Mungu na atangulize jicho kabla ya bakuli, wala asiue kupita haja ya elimu.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni moto. Imepokewa katika Sahihi mbili kuwa Nabii mmoja aliumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao kichomwe. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuuangamiza umma umsabihio, kwa ajili ya mmoja tu. Ikiwa alilaumiwa Nabii aliyeumwa, itakuwaje kwa atiaye moto kilima kizima, wala hakuumwa na yeyote?

Basi mchungaji wa Nyakakika na mwenye shamba wa Malindi, kila mmoja na aache ukingo wa majani na maua usiochomwa, na mrina asali atumie moshi, si mwenge. Wallahu aalam.