Fumbo la Mto na Haki ya Kutovuka

Katika Kiswahili, kitendawili hutegwa. Kitenzi ni kilekile cha mwindaji anayeweka mtego porini, na mwenye kupata jibu husemwa amekitegua. Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji hudai mji, nao humpa, ndipo awafichulie jibu. Lugha yenyewe, basi, inakiri jambo ambalo vitabu vya chemshabongo hulipita kimya: anayekubali kufumbua fumbo amekwisha kuyakubali masharti ya aliyelifumba. Je, akili timamu inawajibika kutegua kila inachotegewa, au ipo haki ya kuyahoji masharti?

Fumbo la kuvuka mto linafaa kulipima swali hili. Alcuin wa York, mwanachuoni aliyefariki mwaka 804, anahusishwa na mkusanyiko wa Kilatini wa maswali ya kunoa akili za vijana. Humo yumo mtu mwenye mbwamwitu, mbuzi na kabichi, na mashua yake hubeba yeye na kimoja tu. Mbwamwitu akiachwa na mbuzi atamla. Mbuzi akiachwa na kabichi ataimaliza. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walilisikia kwa chui, mbuzi na majani. Jibu lina safari saba, na siri yake imo katika ile ya nne, ambapo mbuzi aliyekwisha kuvushwa hurudishwa alikotoka. Wengi hukwama hapo kwa kudhani kwamba kilichopatikana hakirudishwi. Hilo ni funzo la kweli, na yatosha kuutetea mchezo huu mbele ya wanaouona upuuzi.

Mwanahisabati wa Marekani, Marcia Ascher, alilinganisha katika makala ya mwaka 1990 simulizi za fumbo hili kutoka pande mbalimbali za Afrika. Mojawapo ni ya Waila wa Zambia, iliyoandikwa na Edwin Smith na Andrew Dale katika kitabu chao cha mwaka 1920. Hapa mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha nafaka, na mtumbwi bado hubeba yeye na kimoja. Akianza na chui, mbuzi atakula nafaka. Akianza na mbuzi, panya ataila. Akianza na nafaka au panya, chui atamla mbuzi. Hakuna safari ya kwanza iliyo salama. Mtu huyo anawaza kumwacha panya, au chui, kwa kuwa vitatu vitakavyobaki vitavukika. Kisha anaona kwamba wanyama hao kwake ni kama watoto. Anaamua kutovuka.

Mwalimu wa mantiki atasema kwamba huyu ameuharibu mchezo: fumbo halina watoto, lina alama tu. Pingamizi hilo lina uzito. Fumbo hufundisha kwa sababu huipunguza dunia, na asiyekubali kuipunguza hata kidogo hawezi kujenga hoja yoyote. Tena, kila mvivu angeweza kujificha nyuma ya dhamiri, akashindwa kisha akadai amekataa.

Lakini Mwila huyu ana mambo mawili ambayo mvivu hana. Kwanza, amepiga hesabu hadi mwisho. Anajua ni nini kingemvusha, na anakikataa hicho hasa. Pili, kukataa kwake kuna gharama: alitaka ng'ambo, na ng'ambo hataiona. Asiyelijua jibu hana cha kukataa, na asiyepoteza kitu kwa kukataa kwake hajaonyesha kwamba alikithamini alichokilinda.

Nje ya mchezo, maswali ya aina hii huja yakiwa yamekwisha kufumbwa na wengine. Mpanga bajeti huulizwa zahanati ipi ifungwe, wala haulizwi kama fedha zilipaswa kupungua. Familia inayohama huulizwa kwenye fomu nani atangulie na nani abaki. Mara nyingi jibu lipo, na ni sahihi kihesabu. Mazoezi ya chemshabongo humpa mtu wepesi wa kulipata. Hayamkumbushi, hata hivyo, kwamba anayeachwa kando ya mto ni panya kwa aliyelifumba swali, na huenda akawa mtoto kwa atakayelitekeleza jibu.